Blender au Maya? Anayeajiri msanii wa gemu anatazama kingine

Msomaji ameandika: "Najua Blender tu, na matangazo ya kazi yanataja Maya. Nianze upya?" Hapana, ndugu yangu. Zote mbili ni programu za kuunda maumbo na uhuishaji wa 3D. Kuzoea vitufe vya Maya ni kazi ya wiki chache. Kujua kuunda umbo ni kazi ya miaka. Ila kama unalenga uhuishaji, Maya ndiyo inayotawala huko, basi ianze mapema.

Wengi huangukia pale modeli inapoingia kwenye injini ya gemu, yaani programu inayoendesha gemu, kama Unity au Unreal. Chukua jiko la mkaa. Unachonga toleo zito kwa ZBrush, programu ya kuchonga kidijitali, lenye pembetatu milioni 3 (vipande vidogo vinavyounda uso wa modeli), lenye kutu na bati lililobonyea. Kisha unajenga toleo jepesi la pembetatu 4,000, unakunjua UV (uso wa modeli unatandazwa bapa ili uvikwe picha), na kuhamishia maelezo ya lile zito kwenye ramani ya nomali, picha inayofanya uso bapa uonekane una mabonde na matuta. Hapa ndipo mambo huharibika. Kila ukingo mkali uwe na mkato wa UV, la sivyo kivuli kichafu kitatambaa kando yake. Kwenye tekscha (picha inayovikwa modeli) ya pikseli 2048 kwa 2048, acha pikseli 16 kati ya kipande na kipande cha UV. Jiko likiwa mbali, injini hutumia tekscha ndogo zaidi, na vipande vilivyobanana huvujiana rangi.

Kisha chaneli ya kijani ya ramani ya nomali, inayobeba mwelekeo wa juu na chini. Blender na Unity hufuata kanuni ya OpenGL. Unreal hufuata ya DirectX, ambako kijani kimegeuzwa. Ukisahau kukigeuza, bati lililobonyea litaonekana limevimba, kwa sababu kivuli kimekaa upande usio wake. Ramani ya ukwaruzo nayo (inayoamua uso ung'ae au ufifie), izimie sRGB, yaani marekebisho ya rangi za picha za kawaida, ndani ya Unreal, ama jiko lenye kutu litang'aa kama sufuria mpya. Na kabla ya kutoa FBX, faili la kupeleka modeli kwenye injini, kutoka Blender, bonyeza Ctrl+A uthibitishe kipimo (Scale). Yuniti 1 ya Unreal ni sentimita 1, hivyo jiko la sentimita 30 lisome 30.

Kwenye potfolio, onyesha jiko likiwa ndani ya injini, kando yake picha ya waya (mistari ya umbo bila rangi), UV, idadi ya pembetatu na ukubwa wa tekscha. Zile nembo za programu zenye nyota tano zifute, hazithibitishi chochote. Vitu vitatu vilivyopita njia hii yote vina uzito kuliko ishirini visivyowahi kuiona injini. Tangazo likitaja programu usiyoijua, jenga jiko lile lile ndani yake, uliweke kando ya la kwanza, ndipo utume maombi.