Siku 30 tangu barua ya kuachishwa kazi

Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Hizo si siku 30 za kazi: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa au malipo ya muda wa ziada, yana siku 60. Mipaka hiyo imo katika kanuni za usuluhishi na uamuzi za 2007, Tangazo la Serikali Na. 64, na mashauri mengi yenye haki ya wazi hufia hapo. Mtu ana barua, ana mashahidi, mwajiri hakufuata utaratibu hata kidogo, lakini amefika Tume siku ya 47 kwa sababu muda wote huo alikuwa akiambiwa "subiri kidogo, bosi akirudi safari tutalimaliza".

Hesabu inaanza siku ulipoachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukubaliana na adhabu hiyo baada ya rufaa ya ndani, yaani uliyokata kwa mwajiri mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa. Rufaa ya ndani iliyoandikwa na kupokelewa ni hatua ya kisheria. Simu za kubembeleza, barua za wakili za kudai na vikao vya wazee wa idara havisimamishi chochote. Kama umekata rufaa ya ndani na kimya kimezidi, usingoje jibu hadi mwezi uishe. Jipe siku 20 badala ya 30, kwa sababu fomu ikirudishwa kwa kosa dogo bado utakuwa na muda wa kuirekebisha.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta ushauri mtandaoni: sheria ya ajira ya Kenya inampa mfanyakazi miaka 3 ya kwenda mahakamani. Makala nyingi za Kiswahili hazisemi zinazungumzia nchi gani, na mtu wa Mwanza au Morogoro akisoma hiyo miaka 3 akatulia nyumbani, amekwisha. Zanzibar nayo ina sheria zake za kazi za 2005 na vyombo vyake, kwa hiyo mfanyakazi wa Unguja au Pemba asifuate maelezo haya. Mtumishi wa umma wa Bara naye anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa zilizo katika sheria ya utumishi wa umma kabla ya kufikiria Tume.

Ukichelewa, mlango haujafungwa kabisa. Unajaza Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ikiambatana na kiapo. Kinachopimwa ni urefu wa ucheleweshaji, sababu, uwezekano wa shauri lako kufanikiwa, na kama upande wa pili utaumia. Lazima ueleze kila siku iliyopotea. Karatasi za kulazwa hospitali zina uzito. "Nilikuwa sijui sheria" haina.

Sababu na utaratibu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu halali, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Wewe huna wajibu wa kuthibitisha kwamba hukuiba. Yeye ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba uachishaji ulikuwa halali. Sababu inaweza kuwa mwenendo wako, uwezo wako wa kazi, kutoendana na wenzako kazini, au mahitaji ya uendeshaji kama kupunguza wafanyakazi.

Waajiri wengi wanaanguka kwenye utaratibu, na ndiyo maana ni muhimu uujue kabla hujaitwa. Kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, mwajiri anachunguza kwanza, kisha anakupa tuhuma kwa maandishi na kwa lugha unayoielewa. Anakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Unayo haki ya kuingia kikaoni na mwenzako wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti wa kikao awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Ushahidi unatolewa mbele yako, unawauliza mashahidi maswali, na ukikutwa na kosa unapewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu: miaka uliyofanya kazi, rekodi yako safi, familia inayokutegemea. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, unasimamishwa ukiwa na mshahara kamili. Baada ya uamuzi unazo siku 5 za kazi za kukata rufaa ya ndani.

Barua ya kutakiwa kujieleza si kikao cha nidhamu. Hapa watu huchanganya sana. Unaandikiwa barua asubuhi, unajibu mchana, jioni unapewa barua ya kuachishwa, na mwajiri anaamini amefuata utaratibu kwa kuwa "alikusikiliza". Hakukusikiliza. Lakini jibu lako bado litasomwa mbele ya mwamuzi, kwa hiyo liandike kwa utulivu, jibu tuhuma moja moja, na usikiri jambo kwa lugha ya kuomba radhi ilimradi yaishe. Sentensi "naomba nisamehewe, sitarudia tena" imewaangusha watu ambao hawakufanya kosa lolote.

Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana na chama au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuchagua wanaoondoka, na malipo. Kuitwa ukumbini Ijumaa mkagawiwa bahasha si mashauriano.

Usichopaswa kusaini

Maneno ya hatari kuliko yote ni haya: "Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tutakulipa vizuri na hatutakuharibia jina." Ukiiandika, kwenye karatasi hukuachishwa, umeacha. Sheria inatambua kulazimishwa kuacha kazi kwa mazingira yasiyovumilika kuwa ni kuachishwa, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ulisukumwa umehamia kwako, na mazungumzo ya ofisini yaliyofanyika mlango umefungwa hayana shahidi. Hati ya "makubaliano ya kuachana kwa hiari" ni vivyo hivyo. Omba ukaisome nyumbani. Anayekukatalia kulala nayo usiku mmoja amekwishakueleza nia yake.

Barua ya kuachishwa, kwa upande mwingine, ipokee. Kuikataa hakusimamishi siku 30. Andika chini yake: "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo," weka tarehe ya siku hiyo na saini, baki na nakala.

Nyaraka zikusanye ukiwa bado kazini: mkataba, slipu za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, taarifa ya michango ya NSSF, barua za onyo, ujumbe wa WhatsApp wa kupangiwa zamu (hifadhi na namba ya aliyetuma na tarehe, si maandishi pekee). Chukua vilivyo vyako. Kubeba mafaili ya wateja au kujitumia barua pepe za siri za kampuni ni kumpa mwajiri kosa halali ambalo hakuwa nalo.

Na kama huna mkataba wa maandishi? Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuuleta mkataba kwenye shauri, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kupinga sharti linalobishaniwa. Kibarua naye asijione hana kitu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia hali halisi: unaelekezwa saa na namna ya kufanya kazi, unatumia vifaa vyao, unategemea kipato chao, au umewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Hata moja tu ya dalili hizo inatosha kukuhesabu mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

Fomu Na. 1

Shauri linaanza kwa Fomu Na. 1 ya CMA, na kulifungua hakuna ada. Unaipeleka ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulikotokea. Kabla ya kuisajili, unampelekea mwajiri nakala na kurudi na uthibitisho kwamba amepokea: muhuri na saini kwenye nakala yako, au risiti ya rejesta ya posta. Mlinzi wa getini akigoma kupokea, usirudi nyumbani kimya; itume kwa posta siku hiyo hiyo.

Makosa ya fomu hii yanajirudia. Jina la mwajiri linaandikwa lile la kwenye bango wakati kampuni iliyosajiliwa ina jina jingine, na tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa Tume, ikitoka hakuna wa kumdai. Tarehe ya mgogoro inaandikwa siku ya kikao badala ya siku ya uamuzi. Sehemu B, inayohusu kuachishwa tu, inaachwa wazi, au inajazwa na mtu asiyestahili. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Anaweza kudai mshahara wake, notisi au uvunjaji wa mkataba. Mwenye mkataba wa muda maalumu ulioisha tarehe yake hajaachishwa, isipokuwa aonyeshe kwamba alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utaongezwa. Kubwa zaidi: unachokiandika hapa kinakufunga. Usipodai nauli ya kurudi ulikoajiriwa, usitegemee mwamuzi akukumbushe.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kujaza. Chukua mshahara wa msingi wa 520,000 kwa mwezi, siku 6 za kazi kwa wiki. Gawanya kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 6: inakuja takriban 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyetimiza angalau miezi 12. Uliyefanya kazi miaka 4 na miezi 7 unahesabiwa 4: mara 7 mara 20,000, yaani 560,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Likizo ambayo hukuichukua inalipwa, na mwaka ambao haujatimia unahesabiwa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Kama uliajiriwa Mbeya na kuachishwa kazi Dar es Salaam, unadai usafiri wa kurudi na posho ya kujikimu tangu siku uliyoachishwa hadi utakaposafirishwa. Dai hilo husahaulika, na likicheleweshwa miezi mingi linaweza kuzidi kiinua mgongo chenyewe. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako.

Juu ya hayo ndipo inakuja nafuu ya kuachishwa isivyo halali: kurudishwa kazini au fidia. Sheria ilivyotungwa 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Sheria za kazi zimerekebishwa mara kadhaa, na kosa la utaratibu peke yake halipimwi sawa na kukosa sababu kabisa, kwa hiyo muulize ofisa wa Tume kiwango kinachotumika siku unayofungua shauri.

Usuluhishi, kisha uamuzi

Usuluhishi una siku 30, na pande zinaweza kukubaliana kuongeza. Msuluhishi hatoi hukumu kuhusu nani mkweli. Anatafuta makubaliano, na mnayoyasema humo hayatumiki baadaye kama ushahidi. Nenda na namba mbili kichwani: unayoanza nayo na ambayo huwezi kushuka chini yake. Mkikubaliana, hakikisha karatasi ina kiasi, tarehe ya kulipwa, njia ya malipo, na kama ni kabla au baada ya kodi. Usikose kufika, maana mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, Tume inaweza kuamua bila yeye.

Yakishindikana unapewa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri linakwenda kwa mwamuzi. Kwenye shauri la kuachishwa mwajiri ndiye anayeanza kutoa ushahidi. Andaa maswali machache ya kuuliza shahidi wake: kikao kilikuwa tarehe ngapi, nani alikuwa mwenyekiti, muhtasari uko wapi, nilipewa saa ngapi za kujiandaa. Wenzako walioko kazini wataogopa kuja. Unaweza kuomba waitwe kwa hati ya Tume, na hilo huwapunguzia lawama. Unaweza kujisimamia mwenyewe, kuwa na kiongozi wa chama chako, au wakili. Na sema Kiswahili bila wasiwasi.

Tuzo inatakiwa kutoka ndani ya siku 30 baada ya usikilizwaji kumalizika. Asiyeridhika ana wiki 6, tangu apokee nakala ya tuzo, za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Zikipita bila pingamizi na mwajiri halipi, unaomba utekelezaji hapo hapo mahakamani. Utaulizwa mali yake iko wapi. Ile taarifa yako ya benki ya mshahara, kama inaonyesha malipo yalikuwa yakitoka benki gani, ndiyo mahali pa kuanzia.