Kuskani michoro ya majarida ya zamani ya michezo ya vita: tazama vitone kwanza

Waliocheza michezo ya vita ya mezani miaka ya 1980 wengi wamekwisha sahau kanuni zake, lakini michoro wanaikumbuka. Askari wa mchezo, kisanamu cha madini ya risasi cha milimita 25, alikuwa kidude tu kisichoonekana sura vizuri. Ndevu, kovu na hasira alivipata kwenye mchoro wa wino uliochapwa pembeni ya ukurasa. Jarida la White Dwarf lilipoanza kutoka Uingereza mwaka 1977, uchapaji wa rangi ulikuwa ghali, na kurasa za ndani zilitoka kwa wino mweusi. Wasanii kama Russ Nicholson na John Blanche walichora wakijua hivyo: kivuli hakipatikani kwa rangi ya kijivu, kinajengwa kwa mistari na vitone. Baadaye picha za rangi za askari waliopakwa rangi zilishika kurasa, na michoro ikabanwa pembeni.

Wenye majarida hayo sasa wanayaskani yasije yakapotea. Tatizo ni kwamba kila ukurasa unaskaniwa kwa mpangilio uleule, na hapo ndipo kazi ya msanii inapofia. Kabla ya kuwasha skana, chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame wino umekaaje.

Ukiona weusi kamili wenye kingo zilizovimba kidogo, huo ni mchoro wa mstari. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, aghalabu safu zimelala digrii 45, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, hivyo ni vitone vya mashine: mchapaji alivunjavunja picha au mchoro wa brashi ili wino mmoja uonekane kama kijivu. Vitone visivyo na mpangilio wowote, vingine vimegusana, hivyo ni vya mkono wa msanii. Kuna na aina ya nne inayodanganya wengi: karatasi za kubandika zenye vitone tayari, mfano Letratone, ambazo msanii alizikata kwa kisu kufuata umbo la kivuli. Vitone vyake vimepangwa sawasawa kama vya mashine, lakini ni vikubwa zaidi, na ukingoni utakuta vingine vimekatwa katikati. Hiyo ni sehemu ya mchoro, usiifute.

Skana nyingi zina kitufe cha kuondoa vitone vya uchapaji. Kikibaki kimewashwa muda wote, kitalainisha na vitone vya mkono. Jiwe la ngome lililochorwa kwa chembechembe linageuka moshi. Kiwashe kwa vitone vya mashine peke yake.

Mchoro wa mstari uskani kwa nukta 1200 kwa inchi ikiwa mistari ni myembamba na imesongamana. 600 inatosha kwa mingine. Chagua kijivu cha biti 8, si nyeusi na nyeupe tupu. Ukichagua tupu, skana ndiyo inayoamua wapi ni wino na wapi ni karatasi, na mistari iliyokaribiana inaziba huku ile hafifu ikikatika. Afadhali uamue mwenyewe baadaye ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha: pima weusi kwenye wino uliojaa, pima weupe kwenye karatasi isiyochapwa, kisha vuta ncha mbili za mwanga, ya weusi na ya weupe, hadi hapo na usizidi. Ukiilazimisha karatasi iliyogeuka manjano iwe nyeupe pepe, vistari vyembamba vya mwisho wa kivuli ndivyo vinavyotoweka kwanza.

Picha ya vitone vya mashine ni habari nyingine. Majarida ya karatasi nzuri yalichapwa kwa safu kama 133 hadi 150 kwa inchi. Ukiskani kwa 300, safu za vitone zinagongana na gridi ya pikseli na picha inajaa mawimbi ambayo si rahisi kuyaondoa. Skani kwa 600, tia ukungu wa pikseli 1.5 hadi 2, punguza ukubwa hadi 300, halafu ndipo uongeze ukali. Ukianza na ukali, unanoa vitone badala ya picha.

Ukurasa wenye mchoro na picha pamoja uskani mara moja kwa 1200, kisha ukate vipande na kila kipande kipate matibabu yake. Hifadhi nakala ya kwanza kwa TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza picha bila kuipunguza ubora. A4 moja ya kijivu kwa 600 ni kama megabaiti 35. JPEG, faili inayobana picha, huacha uchafu kandokando ya mistari myeusi.

Maandishi ya nyuma yakijitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, kwa sababu kifuniko cheupe cha skana ndicho kinachorudisha mwanga. Penye mkunjo wa katikati, skana nyembamba za CIS (kihisi chake kimekaa karibu kabisa na kioo) hutoa ukungu mara karatasi inapoinuka kidogo tu kutoka kwenye kioo. Za CCD, zile nene zenye lenzi, huvumilia. Pini za stepla zifunguliwe kutoka kurasa za katikati kwa kisu butu, pole pole, maana zilizoshika kutu hung'oa karatasi ukizivuta kwa nje. Jarida lililogundishwa mgongoni usilikate.

Haki za michoro nchini Uingereza hudumu miaka 70 baada ya msanii kufariki, kwa hiyo usipandishe matoleo mazima mtandaoni.

Majarida yenyewe yaweke kwenye mifuko ya poliesta au polipropileni, yakiwa na kadibodi isiyo na asidi nyuma. PVC hutoa kemikali zinazonata kwenye wino. Kwenye miji ya pwani unyevu ndio adui mkubwa: karatasi yenye mng'ao ikilowa, kurasa hugandana na hazibanduki tena bila kuchanika. Acha nafasi ya hewa kati ya rafu na ukuta. Utepe wa gundi usitumie kuziba mpasuko, na usilaminishe.