Barua kwa Mama wa Jukwaa: Nikilia, watu wanacheka

*Jambo sana, Mama. Mimi ni msichana wa Katuba. Tuna kundi letu la maigizo na tunarekodi vichekesho vya televisheni hapa Lubumbashi. Watu wananijua kama mama mwenye nyumba anayedai kodi kwa makelele. Hata sokoni wananiita kwa jina la yule mama. Sasa nimepewa sehemu katika tamthilia ndefu: mjane mwenye watoto wanne, ndugu za mume wanataka kumfukuza nyumbani. Tulipofanya mazoezi mbele ya majirani nikaanza kulia, nao wakaanza kucheka. Kaka yangu ananiambia, "Weye ni wa kuchekesha batu, achana na kilio." Niliwahi kukusikia redioni ukimtaja mama mmoja wa Uingereza aliyeyaweza yote mawili. Ni nani huyo, na aliwezaje?*

Jambo sana, binti yangu, na pole. Kicheko cha namna hiyo kinauma kuliko kuzomewa, maana kinakukuta umeshafungua roho mbele za watu.

Niliyemtaja ni marehemu Wendy Richard. Ndugu yangu anayeishi London aliniletea diski zake, na mpaka leo nikipata umeme wa uhakika jioni ninaziweka. Naziangalia kwa kazi, kama fundi anavyoangalia nyumba iliyojengwa na fundi mwenzake.

Alizaliwa Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 20 Julai 1943, akakulia London. Wazazi wake walikuwa watu wa kuendesha baa. Baba yake alifariki Wendy akiwa na miaka 11. Ujanani alifanya kazi katika Fortnum & Mason, duka kubwa la London, huku akisomea uigizaji. Mwaka 1962 sauti yake ikasikika nchi nzima katika wimbo wa Mike Sarne uitwao "Come Outside", uliofika namba moja. Sarne anaimba akimbembeleza msichana watoke nje, na Wendy ndiye msichana. Haimbi. Anajibu tu kwa maneno makavu, katikati ya muziki, kwa lafudhi ya mtaani London. Ule wimbo wote umesimama juu ya majibu yake.

Lakini usidhani mlango ulifunguka siku hiyo. Miaka ya 1960 ilikuwa ya visehemu vidogo vidogo. Aliigiza katika filamu ya kundi la muziki la Beatles ya mwaka 1965, kipande chake kikakatwa kabla filamu haijatoka. Aliigiza katika *The Newcomers*, tamthilia ya mfululizo ya BBC, na baadaye akawa anapita pita katika vichekesho vya *Dad's Army*. Aliyekuwa akiandika na kutengeneza vichekesho hivyo, David Croft, alimwona, na mwaka 1972 akampa sehemu ya Miss Brahms katika *Are You Being Served?*, vichekesho vya duka la nguo la kizamani liitwalo Grace Brothers.

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu lako.

Miss Brahms ni muuzaji mdogo wa upande wa nguo za wanawake. Mkubwa wake ni Mrs Slocombe, aliyeigizwa na Mollie Sugden. Mrs Slocombe nywele zake zinabadilika rangi kila kipindi, anajidai ni mama wa heshima, na vicheko vikubwa ni vyake. Sasa mwangalie yule kijana pembeni yake. Mrs Slocombe anaongea, anapanda, anajisahau, na Wendy amesimama na nguo mkononi, anamsikiliza. Hakodoi macho, wala hawatazami watazamaji kuwaomba ruhusa. Anangoja mkubwa wake amalize kabisa, halafu anaachia sentensi moja fupi, kwa uso wa mtu anayesema jambo la kweli, na nyumba nzima inaanguka kwa kicheko. Alifanya hivyo kuanzia 1972 hadi 1985. Hebu fikiria ni shule ya aina gani hiyo: miaka yote hiyo kazi yako ni kumsikiliza mwenzako mpaka neno lake la mwisho, na kutokuomba kicheko.

Kisha ikaja *EastEnders*. BBC waliianza tarehe 19 Februari 1985, mara mbili kwa wiki, hadithi ya majirani wa mtaa wa kubuniwa wa Walford, mashariki mwa London. Wendy akapewa Pauline Fowler. Na hapa kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Mfululizo wa mwisho wa *Are You Being Served?* ulikuwa bado unaonyeshwa, ulikwisha Aprili ya mwaka huo huo. Kwa hiyo katika wiki zile zile Mwingereza aliweza kumwona Miss Brahms amejipamba dukani, na usiku mwingine akamwona mwanamke yule yule, uso haukupakwa kitu, sweta la kufunga kwa vifungo, amechoka, ana mimba akiwa na umri wa kuwa bibi, na mama yake mzazi anamfokea kwa ajili ya mimba hiyo. Kabla haijapita miaka mingi binti yake wa miaka 16 naye amezaa. Mtu wa kazi yetu anajua uzito wa hilo. Wendy hakupewa hata muda wa watu kumsahau Miss Brahms.

Je, walimcheka Pauline? Pauline alidumu karibu miaka 22. Siku ya Krismasi ya mwaka 1986 tamthilia ile ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 30. Hakuna anayekaa na mwanamke miaka yote hiyo kama machozi yake hayaaminiki.

Nikuonyeshe kipande kimoja. Mwaka 1993, mume wake Pauline, Arthur, anakiri kwamba ametembea na mwanamke mwingine. Pauline anampiga kwa kikaango. Kikaango, binti yangu! Sisi wachekeshaji wa hapa tumekula mkate kwa kikaango na mwiko tangu enzi na enzi: mke anachukua mwiko, mume anakimbia kuzunguka mbabula, jiko letu la mkaa, watoto wanapiga makofi. Hakuna kifaa kinachoita kicheko haraka kama hicho. Lakini tazama anavyokitumia Wendy. Kabla ya pigo anamsikiliza Arthur. Anamsikiliza vilevile alivyokuwa akimsikiliza Mrs Slocombe, mpaka neno la mwisho, na ndani ya kule kusikiliza unaona ndoa nzima ikimwagika. Mkono unapoinuka, wewe mtazamaji umeshaumia tayari. Ni ufundi ule ule wa kungoja. Alichobadilisha ni kile kinachokuja baada ya kungoja.

Ndiyo maana sikubaliani na kaka yako. Hujapungukiwa uwezo wa kulia. Nadhani unalia ukiwaelekea watu. Yule mama wa kodi kazi yake ni kuwageukia watazamaji, kupiga mkono kwenye nyonga, kuwauliza kwa macho, "Mmemsikia huyu?" Mwili wako umezoea njia hiyo. Ukilia ukiwa umewageukia majirani, wao wanajibu kama ulivyowafundisha. Wanacheka kwa sababu umewapa ishara ya kucheka.

Fanya hivi. Acha nyumbani kitambaa kile kikubwa cha kichwani na kanga mbili ulizozoea kujifunga ili nyonga zionekane. Wendy alikubali kuvuliwa uzuri wake wote, na alikuwa mwanamke aliyependa kupendeza. Katika onyesho la ndugu za mume, usianze na kilio. Ingia na bidoni la maji kichwani, kama unavyotoka kweli kwenye bomba la Katuba. Litue. Usilitue kwa kishindo, kile ni kishindo cha mama wa kodi. Litue kama mtu ambaye maji yale ndiyo ya siku nzima. Shemeji anapoanza kusema, mtazame yeye, mdomoni, mpaka amalize. Usiandae uso. Kama machozi hayakuja, yaache. Funika bidoni, uliza watoto wamekula nini. Halafu fanya mazoezi hayo mbele ya majirani wale wale waliocheka, si mbele ya wengine.

Na vichekesho usiviache. Mwaka 1992 na 1993 Wendy alirudi kuwa Miss Brahms katika *Grace & Favour*, huku akiendelea kuwa Pauline. Kazi moja haikuifuta nyingine.

*Jambo Mama. Ninaigiza katika tamthilia ya redio, nipo Kampemba. Mhusika wangu ni mzee mtulivu ambaye wasikilizaji wamempenda kwa uaminifu wake kwa mkewe mgonjwa. Mwandishi anataka sasa mzee huyo aoe kisichana, eti wasikilizaji wamepungua. Naona ni kumuua mzee wangu. Nikatae?*

Jambo baba. Hata hilo Wendy Richard alilipitia. Arthur alikuwa ameshakufa katika tamthilia tangu 1996, na mwaka 2005 wakuu wakaamua Pauline aolewe tena. Wendy hakukubaliana nalo, akiamini kwamba Pauline asingeolewa tena baada ya Arthur, naye akaamua kuondoka. Siku ya Krismasi 2006 Pauline akafa, ameanguka kwenye theluji katikati ya uwanja wa mtaa wake.

Mimi namheshimu sana kwa hilo. Mwigizaji aliyembeba mtu kwa miaka mingi anamjua kuliko mwandishi aliyekuja juzi, kama mama mlezi anavyomjua mtoto. Anajua mkono gani anashikia kikombe. Lakini tazama na mpangilio wa mambo yenyewe. Harusi ile ilifanyika, Wendy akaiigiza, na aliigiza kwa ukamilifu. Hakuingia studio na kununa ili onyesho liharibike. Alisema neno lake, akafanya kazi iliyokuwa mezani, akaondoka kwa mlango.

Kwa hiyo nenda kwa mwandishi kabla maandishi hayajagawiwa, na uende na kitu mkononi. Usimwambie tu "mzee wangu hawezi". Mpelekee njia nyingine ya kurudisha wasikilizaji: kwa mfano, kisichana huyo aje kama muuguzi wa mke, mtaa mzima umdhanie mzee vibaya, na yeye anyamaze. Hapo una moto wa wiki nyingi na mzee wako bado mzima. Akikataa, angalia nyumbani kwako kuna nini kwenye sufuria ndipo uamue. Wendy aliondoka akiwa na miaka 63 na jina kubwa. Mwaka uliofuata tuzo za tamthilia za Uingereza zilimpa heshima ya kazi ya maisha yake. Wewe una watoto shuleni. Sitakuhukumu ukibaki.

*Mama, ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi. Mwongozaji ananikataza kusema Kiswahili cha kwetu jukwaani, anataka Kiswahili cha vitabuni hata ninapoigiza muuza makala, yaani mkaa. Wewe unasemaje?*

Mwanangu, mimi nimekulia Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, sehemu zangu nilizisema kwa Kiswahili cha Kamalondo. Mchekeshaji Mufwankolo na kundi lake walijaza redio na televisheni ya Katanga kwa miaka mingi kwa lugha ya hapa hapa, na watu waliacha bukari, ugali wetu, ipoe ili wawasikilize. Muuza makala wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi akisema "batu bananunua kidogo leo", nimeshajua anaishi wapi, amelala saa ngapi, ana deni kwa nani.

Wendy yule yule, mbele ya waandishi wa habari alikuwa mama nadhifu mwenye maneno yaliyonyooka. Miss Brahms na Pauline wote wawili aliwapa sauti ya watu wa kawaida wa London, sauti ambayo wakubwa wa duka la Grace Brothers waliidharau ndani ya hadithi yenyewe. Angempa Miss Brahms Kiingereza cha kasri, pale pembeni ya Mrs Slocombe, zile sentensi fupi zisingekuwa na makali.

Kiswahili cha vitabuni kijue vizuri, utakihitaji ukiigiza mwalimu, mchungaji, mtangazaji, na ukienda kurekodi na wenzetu wa Tanzania. Mwambie mwongozaji wako akusikilize mara moja ukisema ukurasa ule ule kwa namna zote mbili, na awepo muuza makala wa kweli chumbani. Mnunulie gunia lake asipoteze siku, kisha mmuulize yeye.