Mnaoanza kusoma makanisa ya Kiprotestanti ya Marekani: anzeni na hati ya kiwanja

Nawaandikia nyie wadogo zangu mlioanza au mnaotarajia kuanza theolojia au historia ya kanisa huku Marekani, na pia yule aliyekuja kwa mambo yake mengine kabisa ila Jumapili anatafuta pa kusali na kila kona anakuta kibao chenye herufi nne asizozielewa. Mi ni mtoto wa KKKT, nimesomea huku, na kila muhula mpya ukianza simu zinaanza, kaka hivi hawa Presbiteri na Methodisti na UCC wanatofautiana nini hasa, mbona mahubiri ni yale yale, kinanda kile kile, na kahawa baada ya ibada ni ile ile. Na ni kweli bana. Ukikaa benchi la nyuma huwezi kuona tofauti, kwa sababu tofauti nyingi haziko kwenye mimbari, ziko ofisini.

Wageni wengi wanaanza kwa kukariri mafundisho, Luther kasema hivi juu ya chakula cha Bwana, Calvin vile, Wesley mwanzilishi wa Umethodisti akaongeza lake. Soma, mtihani utakuuliza. Lakini ukimuuliza mama wa kawaida wa Ohio aliyezaliwa Mpresbiteri kuhusu kuteuliwa tangu milele atakutazama tu halafu akukaribishe keki. Ushauri wangu ni kwamba uanze na maswali matatu ya chini kabisa: nani anamleta na kumwondoa mchungaji, jengo limeandikwa jina la nani, na babu zao walikuwa upande gani kuanzia ugomvi wa utumwa wa miaka ya 1840 mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoisha 1865. Ukijibu hayo matatu umeshaelewa nusu ya kozi.

Kwanza tujue tunaongelea kina nani. Mkondo mkuu, yaani yale makanisa ya zamani wanayoyaita mainline, kwa kawaida wanahesabu saba: United Methodist (UMC), Walutheri wa ELCA, Presbiteri wa PCUSA, Kanisa la Episkopali ambalo ndio Anglikana wa huku, UCC (United Church of Christ), American Baptist, na Disciples of Christ. Hawa ndio walikuwa wenye nchi, maprofesa, majaji, wenye mabenki. Siku hizi wamepungua sana, utafiti wa Pew wa 2007 ulikuta watu wazima 18 kati ya 100 wanajihesabu humo, ule wa 2023 hadi 2024 ukakuta 11. Kwa hiyo usije ukadhani ukimsoma Mlutheri na Mwepiskopali basi umeshaisoma Marekani ya leo, Wabaptisti wa kusini peke yao wako zaidi ya milioni 12 na hao sio mkondo mkuu kabisa.

Haya, swali la mchungaji. Kwa Methodisti askofu anapanga, mchungaji anapelekwa, na upangaji unafanyika upya kila mwaka hata kama wewe unabaki pale pale. Hii inatoka kwa Francis Asbury, askofu wao wa mwanzo huku, na wenzake waliozunguka na farasi, mchungaji ni wa barabarani, sio wa kijiji. Kwa Presbiteri ni kinyume, usharika unachagua kamati ya kutafuta mchungaji, kamati inasoma maombi na kusikiliza mahubiri ya watu kwa siri miezi na miezi, halafu waumini wanapiga kura, na bado presbiteri, yaani wachungaji na wazee wa eneo lile wakiwa pamoja, lazima ikubali. Hakuna askofu. UCC, Wabaptisti na Disciples ni kama SACCOS ya mtaa, wanachama wenyewe ndio mwisho wa maneno, makao makuu wanaweza kutoa ushauri, tamko, vitabu, ila hawawezi kukuletea mchungaji usiyemtaka. Walutheri wa ELCA wana maaskofu lakini usharika ndio unaita. Sisi tuliozoea dayosisi kumhamisha mchungaji kwa barua moja hii inatushangaza sana, askofu wa ELCA anapendekeza majina na watu wanakataa na maisha yanaendelea.

Sasa jengo. Hapa kaeni vizuri maana hapa ndipo historia inageuka kesi. Methodisti, Presbiteri wa PCUSA na Waepiskopali wana kifungu kwenye katiba kinachosema mali ya usharika inashikiliwa kwa amana kwa ajili ya kanisa zima, yaani mnaweza kuwa mmechanga miaka mia, mmejenga, mmepaka rangi, lakini siku mkisema tunaondoka mnaondoka na Biblia zenu tu. Ndio maana mwaka 2019, baada ya mkutano mkuu maalum wa St. Louis kubishana juu ya ndoa za jinsia moja, UMC wakafungua mlango wa muda: usharika unaotaka kutoka upige kura ya theluthi mbili, ulipe michango ya mwaka huo na ya mwaka mmoja zaidi, ulipe na fungu lake la pensheni za wachungaji, ndio uondoke na jengo. Mlango ulifungwa mwisho wa 2023 na walikuwa wametoka zaidi ya sharika 7,600, karibu robo ya sharika zao za Marekani, na nyingi zikaenda Global Methodist Church iliyoanzishwa Mei 2022. Mwaka 2024 kule Charlotte waliobaki wakafuta makatazo ya ndoa hizo. Mwanafunzi anayesoma mafundisho tu ataandika insha kuhusu Wesley na utakatifu na ataacha kitu kilichoamua nani katoka lini, nacho ni hesabu ya pensheni.

Waepiskopali wao walienda mahakamani. Baada ya 2003, New Hampshire ilipompata Askofu Gene Robinson aliyeishi wazi na mwanaume mwenzake, sharika na dayosisi kadhaa ziliondoka, 2009 wakaunda kanisa lao la Anglikana, ACNA, na makanisa ya Anglikana ya Afrika Mashariki nayo yakawa yameshajitenga na wale wa Marekani. Matokeo ya kesi yakategemea jimbo. Virginia, Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha mwaka 2013 kwamba lile kanisa la zamani la The Falls Church ni la Waepiskopali. Fort Worth, Mahakama ya Juu ya Texas ikawapa waliotoka, 2020. Kanisa lile lile, kanuni zile zile, hakimu tofauti. Kwa hiyo ukiandika insha usiseme Waepiskopali walishinda au walishindwa, sema wapi.

Swali la tatu ndilo walimu wengine wanalipitia haraka na mi naona ndio moyo wa kozi nzima. Mwaka 1844 Methodisti walikaa New York, mezani kuna habari ya Askofu James Andrew wa Georgia aliyekuwa na watumwa, kawapata kwa urithi na kwa kuoa. Mkutano ukaamua aache kazi ya uaskofu mpaka hilo liishe, watu wa kusini wakakasirika, 1845 wakaunda kanisa lao. Wakagombania mpaka nyumba ya kuchapisha vitabu, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi na kusini wakapata fungu lao. Mwaka huo huo wa 1845 Wabaptisti nao wakavunjika Augusta, Georgia, kisa kama mwenye watumwa anaweza kupelekwa kuwa mmisionari. Hao waliotoka ndio Southern Baptist wa leo, na wa kaskazini ndio walikuja kuwa American Baptist. Presbiteri wakagawanyika 1861 vita ilipoanza na hawakurudiana mpaka 1983, hebu piga hesabu, ndio maana PCUSA ambayo ukiisoma kwenye vitabu unadhani ni ya enzi za Calvin kimsingi ni kanisa la juzi. Methodisti walirudiana 1939 ila kwa sharti la aibu, wakawakusanya weusi karibu wote kwenye kanda yao moja ya ubaguzi, haijalishi unakaa mji gani, na ile kanda ikaja kufutwa 1968 UMC ilipozaliwa.

Waepiskopali wana kisa changu ninachokipenda. Dayosisi za kusini zilijiundia kanisa lao wakati wa vita, lakini 1862 kwenye mkutano mkuu wa kaskazini katibu akaendelea kuita majina ya dayosisi za kusini kwenye orodha kama vile wamechelewa tu basi. Vita ilipoisha 1865 wakarudi na kukaa viti vyao. Vizuri kwa umoja, ila jiulize na upande wa pili, kanisa linaloweza kurudiana haraka hivyo lilikuwa limewahi kusema nini kuhusu utumwa? Kimya kingi mno. Mi bado naona umoja ule ulilipiwa na wengine.

Na weusi wenyewe hawakusubiri hiyo mikutano. Philadelphia, miaka ya mwisho ya 1700, kwenye kanisa la Methodisti la St. George's, Absalom Jones alivutwa kuinuliwa akiwa amepiga magoti anaomba, kwa kuwa kakaa sehemu isiyo yake. Wakatoka. Jones akaja kuwa padri wa kwanza mweusi wa Waepiskopali, na Richard Allen aliyekuwa naye siku ile akaendelea na Umethodisti wake mpaka 1816 AME (African Methodist Episcopal) ikaundwa. Sasa angalia, AME wana maaskofu, wana Wesley, wana nyimbo zile zile, lakini watafiti wakihesabu mkondo mkuu wanawaweka kapu lingine la makanisa ya weusi. Kwenye jedwali inasaidia, ila usiipokee kama jambo la mafundisho, ni habari ya rangi na mtahiniwa mzuri anaisema wazi.

Asili za mbali nitapita haraka maana vitabu vinazo. UCC ni wajukuu wa Wapuritani wa New England waliofika Plymouth 1620 na Boston 1630, wakachanganyika na Wajerumani wa Kireformed na Kiinjili mwaka 1957, ndio kanisa alilokuwa akisali Obama kule Chicago. Waepiskopali ni Anglikana walioachwa bila askofu baada ya mapinduzi ya kujitoa Uingereza, Samuel Seabury alienda Uingereza akakwama kwenye kiapo kwa mfalme, akapanda Scotland na kuwekwa wakfu Aberdeen, Novemba 1784. Mwezi uliofuata Methodisti wakajiunda Baltimore. Wesley mwenyewe alikufa akiwa padri wa Anglikana, na alipowasikia wa Marekani wanajiita maaskofu alimwandikia Asbury barua kali kweli, na Methodisti wa Uingereza mpaka leo hawana askofu. Disciples ni wa maeneo mapya ya walowezi huko Kentucky, uamsho wa Cane Ridge 1801, wanashiriki meza ya Bwana kila Jumapili. Walutheri walifika kwa meli na kwa lugha, Wajerumani, Waswidi, Wanorwe, kila mmoja na sinodi yake, mpaka ELCA ikaunganishwa 1988.

Kitu kidogo cha kuangalia kwa macho: kikombe. Kwa Methodisti utakunywa juisi ya zabibu, na hiyo ina mtu, Thomas Welch, daktari wa meno na Methodisti wa New Jersey, mwaka 1869 alichemsha juisi isichachuke ili kanisa lisitumie pombe, na biashara ya juisi ya Welch's ikatokea hapo. Kwa Waepiskopali ni divai na kikombe kimoja kinapita. Ukiona trei ya vikombe vidogo vidogo inapitishwa benchi kwa benchi, uwezekano mkubwa uko kwa Presbiteri au Baptisti.

Majina yatawachanganya, chukueni tahadhari. PCA (Presbyterian Church in America) sio PCUSA, walitoka kwenye Presbiteri wa kusini 1973 na hawaweki wanawake uchungaji. Walutheri wa Missouri, LCMS, sio ELCA, na kwao mgeni hapewi meza ya Bwana hivi hivi hata kama una kipaimara cha KKKT, kwa hiyo ongea na mchungaji kabla ya ibada usisubiri kurudishwa mbele za watu. Neno Evangelical kwenye ELCA ni kama Kiinjili kwenye jina letu, halina uhusiano na wale wainjili wa kwenye siasa za televisheni. Na ndugu zangu wa AIC (Africa Inland Church) msihangaike kutafuta mama yenu kwenye zile saba, wamisionari wenu walitoka kwenye misheni isiyo ya dhehebu moja. Moravian wa Mbeya na Tabora nendeni Bethlehem, Pennsylvania, mtakuta ndugu, wachache kuliko nyie. Methodisti wa Lubumbashi nyie mko ndani ya UMC yenyewe na kura zenu zinahesabiwa kwenye mkutano mkuu, wengi wa Kenya hapana, nyie asili yenu ni Uingereza.

Kwa sisi KKKT mambo ni nusu nusu. ELCA ilipoamua 2009 kule Minneapolis kuwakubali wachungaji walio kwenye mahusiano ya jinsia moja, maaskofu wetu walipinga kwa tamko la Dodoma 2010, lakini undugu wa sinodi na dayosisi, kama ule wa Saint Paul na Iringa wa Bega kwa Bega, uliendelea. Ukifika Minnesota utakutana na wazee waliolala Iringa na wanajua ugali, na wanatofautiana na askofu wako vilevile. Msikilize kabla hujaanza kumhubiria.

Mwisho, ombeni barua ya utambulisho usharikani kabla ya kusafiri, ofisi za huku zinaipokea vizuri tu. Na tangu 2001 ELCA na Waepiskopali wana makubaliano ya kubadilishana watumishi, kwa hiyo ukiingia kwa Walutheri ukakuta padri wa Episkopali ndiye anayeongoza meza siku hiyo hujapotea njia, kaa, ibada ikiisha muulize anaajiriwa na nani.