Busu na bastola ukumbini kwetu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imefika, na nimemsomea baba yako, ambaye alicheka sana pale ulipoandika kwamba katika filamu tulizotazama nyumbani mtu aliruhusiwa kuuawa lakini hakuruhusiwa kubusiwa. Umeniuliza kwa nini tulikuwa hivyo, na kama huko Stockholm, Sweden, wanao wafuate desturi yetu au ya majirani zako, ambao hawashtuki mtoto akimwona mtu uchi katika filamu ila hushtuka akiona damu.

Uliyoyaona ni kweli. Filamu za karate kutoka Hong Kong zilitazamwa ukumbini mpaka mwisho, huku kaka zako wakirushiana mateke juu ya mkeka, na baba yako akinyanyuka kusogeza kaseti mbele kila mwanamume na mwanamke walipokaribiana nyuso. Lakini usidhani kwamba tulikaa tukazipima dhambi, tukaona kuua ni jambo jepesi kuliko busu, kwani hakuna Mwislamu anayeamini hivyo. Tulichokipima ni nyuso za walioketi. Pale ukumbini alikuwapo bibi yako mzaa baba, alikuwapo ami yako, na baada ya dada yako kuolewa alikuwapo mkwe wetu. Teke la mwigizaji halikumfanya yeyote kati yao ashindwe kumtazama mwenzake, ilhali busu lilimfanya baba asijue aelekeze wapi macho yake na binti atafute kisingizio cha kwenda jikoni. Busu hilohilo mimi na wenzangu wa rika langu tungelitazama, tukalicheka na kulisimulia siku ya pili. Kwa hiyo swali letu halikuwa tu kwamba filamu hii ina nini. Tuliuliza pia nani amekaa na nani, na wakati gani.

Hayo hayakuanza na televisheni. Katika miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao hapa mjini, na mama zetu, ambao wasingekubali kubanana gizani na wanaume wasiowajua, walitoka na mabuibui yao makundi kwa makundi kwenda kuwalilia waigizaji wa Bombay. Hawakuona kwamba stara yao imepungua kwa kwenda sinema. Stara ilikuwa katika namna ya kwenda. Vivyo hivyo kwa nyakati: watu walewale waliojizuia na sinema mwezi mzima wa Ramadhani ndio waliojazana milangoni kwake siku ya Idi, watoto wakiwa na nguo mpya na senti za sikukuu mkononi, wala hakuna aliyewaita wanafiki.

Umeniuliza pia kwa nini tulizipenda filamu za Kihindi kuliko za Kimarekani, nami naona jibu lake ni hilohilo. Kwa miongo mingi filamu za Bombay hazikuonesha busu. Palipotakiwa busu paliwekwa wimbo, mvua, au maua mawili yanayoegemeana, na kila mtazamaji alielewa kwa kiasi cha umri wake. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa uchaji Mungu tu. Chini ya sheria ya filamu ya India ya mwaka 1952, filamu iliyopewa cheti cha U ilikuwa wazi kwa watu wa umri wote, na iliyopewa cheti cha A ilikuwa ya watu wazima peke yao, hivyo aliyetaka kumuuzia tiketi bibi, mama na mjukuu kwa pamoja alijua mpaka wake. Tena hadithi zenyewe zilihusu mambo yaliyotushughulisha sisi: mtoto anayemwasi mzazi kwa ajili ya mapenzi, ndugu waliopoteana, mjane anayeuza bangili zake ili mwanawe asome. Filamu za ng'ombe na bastola kutoka Marekani zilikuwa na wapenzi wake pia, lakini kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wa kiume, ambao walikwenda na wenzao na kukaa na wenzao. Hata leo hapa nyumbani naliona jambo hilo katika tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kabla yake katika ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ambayo TBC iliionesha mwaka 2011. China ni mbali, lakini mkwe na mavyaa tunawajua, na jioni nyumba nzima ilikaa kuwatazama bila mtu kuhitaji kuondoka.

Sisemi haya ili kuwatetea wakaguzi wa serikali. Utakumbuka kwamba mwezi wa Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, na mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba, ukumbi wa sinema Nairobi ukajaa. Mimi nisingekwenda kuitazama, na sababu ninazo katika dini yangu. Lakini huo ni uamuzi wangu, si wa bodi, na ninashuku kwamba wengi waliopanga foleni walivutwa na marufuku yenyewe. Kuona haya hufanya kazi baina ya watu wanaojuana. Ofisi haimwonei mtu haya.

Kuhusu majirani zako, nakuomba usiandike tena kwamba "Wazungu wako hivi", kwa sababu nao hawakubaliani. Hollywood yenyewe, kuanzia mwaka 1934 hadi 1968, ilifuata kanuni iliyokataza hata busu la kupindukia, na mara nyingi mume na mke walioneshwa katika vitanda viwili. Huko Sweden, kwa upande mwingine, filamu ya E.T. ya mwaka 1982, ya kiumbe kutoka sayari nyingine anayefichwa na watoto, ambayo watoto wa Marekani waliitazama na wazazi wao, ilizuiwa kwa watoto wa chini ya miaka 11, na sababu iliyotajwa ni kwamba iliwaonesha watu wazima kuwa adui wa watoto. Kila nikiufikiria uamuzi huo naupenda, ingawa nilipousikia mara ya kwanza niliuona kichekesho. Watu hao walijiuliza mtoto anabaki na nini moyoni baada ya taa kuwashwa, nasi hatukuwa tukijiuliza hivyo. Desturi yetu iliulinda ukumbi, haikumfuata mtoto kitandani kwake, na kaka yako mdogo aliota ndoto mbaya za watu wenye mapanga bila mtu kuzihusisha na filamu.

Kwa hiyo chukua hilo kutoka kwao. Lakini usiiache ya kwetu, maana yao nayo ina upungufu. Siku hizi wana ngazi za umri, yaani filamu ya wote, ya miaka 7, ya 11 na ya 15, na namba ya 11 inakwambia mtoto anaweza kutazama nini, haikwambii kama anaweza kukitazama akiwa na babu yake. Utakapokuja nao likizo wataketi na babu yao, na ningependa mkubwa wao awe ameshazoea kuangalia nani yupo kabla ya kuchagua.

Linalonishughulisha zaidi ni simu, kwa kuwa desturi yetu yote ilitegemea ukumbi mmoja na televisheni moja. Mtu akitazama peke yake chini ya shuka, hakuna uso wa kumwonea haya, na kinachobaki ni kumcha Mungu na zile tabia alizozoea alipokuwa akitazama na wengine. Ndiyo maana nakushauri televisheni ibaki sebuleni, filamu ya mwisho wa wiki muichague pamoja, na likitokea la kuaibisha usikimbilie rimoti kama baba yako, bali wewe na mumeo mseme kwa nini hamlipendi, hata kama maneno yenyewe ni mazito kuyatamka mbele ya watoto. Sisi tulinyamaza tukisogeza kaseti, nanyi mlielewa. Wanao, waliozaliwa katika nchi ambayo watu hawaelezani mambo kwa ukimya, hawataelewa.

Simu ya mkubwa usimnyang'anye kabla hujazungumza na mkwe wangu, kwa sababu mkitofautiana mbele yake atajua pa kupitia. Zungumzeni wiki hii, kisha uniandikie mmekubaliana nini, ili nami nijue cha kuruhusu watakapokuwa kwangu mwezi wa Julai. Baba yako anakusalimu, na anasema zile kaseti bado anazo.

Wasalaam,
Mama yako