Kwa nini dhahabu wakaiweka gizani

Mwanangu,

Ujumbe wako wa kutoka Kyoto, Japani, nimeupata. Unauliza wale watu wa kale walifikiri nini kujenga hekalu lenye vyumba vya giza namna ile, kisha milango yake wakaibandika dhahabu isiyoonekana vizuri. Majivuno, umesema. Nami nilisema hivyohivyo nilipokuwa huko mafunzoni, kabla sijaketi.

Anzia kwenye paa. Mvua za Juni na Julai huko hazina mchezo, na kuta zao za asili ni za udongo, milango ni ya karatasi. Ukuta wa kukandika usipofunikwa na upenu mrefu utamomonyoka. Bibi yako angekueleza hayo bila kwenda chuo. Upenu huohuo hukinga jua la kiangazi, ambalo huwa juu sana, lakini la majira ya baridi hupita chini likafika hadi kwenye mikeka. Basi giza lilikuja pamoja na paa, ndipo mafundi wakaanza kulifanyia kazi.

Mwanga wakaupitisha kwa chini. Hupiga changarawe nyeupe ya uani, ukarukia upenuni na darini, ukachujwa na karatasi za milango ya shoji, na kufika ndani kabisa umeshachoka. Hapo ndipo dhahabu huudaka. Imefuliwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani ya kiza hicho huwaka taratibu kama kaa lililofunikwa jivu. Imulike kwa taa ya umeme uone: kopo la biskuti.

Ukipata nafasi fika Yamazaki, kwenye chumba cha chai cha Tai-an, cha miaka ya 1580, kinachosemekana ni kazi ya Sen no Rikyū, yule bingwa wa sherehe ya chai. Ukubwa wake ni wa kutandika mikeka miwili tu. Madirisha yake mengine ni sehemu ya ukuta ambayo haikukandikwa, fito zikaachwa wazi. Nilicheka peke yangu! Kwetu hiyo ni nyumba ambayo baba mwenye nyumba hajapata siku ya kuiziba.

Kwenye hekalu lako rudi saa kumi jioni. Simu iache mfukoni, keti chini, kwa kuwa chumba kile kilipimwa kwa macho ya mtu aliyeketi. Kisha niandikie dhahabu imeanza kuwaka saa ngapi.

Mama yako