Viwavijeshi kwenye mahindi ya Kahe: dawa haifanyi kazi

Pole sana, dada uliyeuliza kwa nini dawa haiui viwavi huko Kahe. Mahindi ya wiki tatu, majani yametobolewa, umepuliza mara mbili na viwavi bado wapo. Yalinikuta hayohayo Himo.

Kwanza hakikisha ni kiwavijeshi vamizi. Fungua moyo wa mche, yaani majani machanga ya katikati: utakuta kinyesi kama maranda yaliyolowa, na kiwavi kichwani ana Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kimraba. Huyo ndiye aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2017.

Umesema unapuliza saa sita mchana. Hapo ndipo tatizo! Jua likiwaka kiwavi anajichimbia ndani ya moyo wa mche, dawa inakauka juu ya majani. Puliza alfajiri au jioni, nozeli ielekee kwenye moyo wenyewe. Mimi nilipoteza pampu nne kabla mzee jirani hajaniambia. Kiwavi akishakuwa mkubwa, unene wa penseli, dawa haimtishi. Muwahi akiwa mdogo.

Kagua mara mbili kwa wiki, mayai yaliyo kwenye majani yaponde kwa vidole. Shamba lako ni nusu eka, inawezekana. Wengine hutia majivu kwenye moyo wa mche, husaidia kiasi.

Dawa iwe na lebo ya usajili, na usirudie kundi moja la dawa (zinazoua kwa njia moja) kila mara, viwavi wanazoea. Usichanganye mbili kwa kubahatisha. Vaa glovu na barakoa. Ukiona hali haibadiliki, mwite afisa ugani wa kata, au peleka sampuli TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), Ngaramtoni, Arusha.